Mke Mwenza na Kilo Tatu za Puti

Jumatatu, 3 Agosti

Nianze kwa kuliomba radhi daftari hili. Lilinunuliwa kwa ajili ya kumbukumbu za kiroho, na kurasa tatu za mwanzo zinahusu toba. Kuanzia leo litahusu kutu.

Yaliyotokea ni haya. Jana, baada ya ibada, ukoo ulikutana sebuleni kwa binti yangu kupanga harusi ya mjukuu wangu, itakayofungwa Jumamosi ya tarehe 15. Mambo yalikwenda kwa utulivu hadi tulipofika kwenye suala la usafiri wa bibi harusi. Hapo Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mke wangu, akasimama, akachezesha funguo vidoleni na kutangaza kwamba bibi harusi atapanda gari lake jipya la rangi ya fedha. Makofi! Nikakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kile nilichokitumia kwa miaka thelathini na mmoja nikiwa karani wa mahakama, kila hakimu alipokosea jina la mshtakiwa. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba bibi ya huyu binti alitoka kanisani ndani ya Mke Mwenza, mama yake vilevile, naye atatoka humo humo.

Mke Mwenza ni gari langu. Jina alilitoa marehemu mwenyewe katika mwaka wa pili wa ndoa yetu, baada ya kulinganisha saa ninazolala chini ya gari na saa ninazokaa naye mezani. Ni gari la rangi ya maziwa, lenye mabega ya mviringo na taa mbili za mbele kama macho ya mtu aliyeamshwa kwa kelele. Ni kweli kwamba tangu msiba limekaa chini ya turubai. Ni kweli pia kwamba kuku mmoja wa jirani amelihesabu kuwa makazi yake halali.

Shemeji akasema gari lile si gari tena, ni kutu iliyoshikana mikono. Bibi harusi ataingia kwa mlango na kutokea kwa sakafu. Kicheko! Binti yangu naye akacheka, ingawa kwa adabu, ndani ya leso.

Mjukuu peke yake hakucheka. Akasema Babu akiling'arisha, atapanda la Babu, kwa sababu bibi yake alikuwa akimpakata kwenye kiti kile cha nyuma. Binti yangu, ambaye angefaa sana kuwa hakimu, akatoa amri: Ijumaa ya tarehe 14, saa nne asubuhi, magari yote mawili yasimame sambamba uani kwangu, na bibi harusi achague.

Siku kumi na moja. Mwenyezi Mungu aliumba dunia kwa sita, tena bila msasa.

Jumanne, 4 Agosti

Asubuhi nimemwita Fundi wa Bodi, ambaye karakana yake iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na lango langu. Akamzunguka Mke Mwenza mara mbili, mikono nyuma, akimgonga kwa kifundo cha kidole kama daktari agongavyo kifua. Akasema injini ni nzima na mifupa ni mizima, ila mlango wa nyuma wa kushoto umeoza sehemu ya chini. Akate kipande, achomelee bati jipya, juu yake puti ya kuzibia mabati, nyembamba tu, kama poda usoni. Nimpe leo, kesho nichukue.

Nikauliza kama ni lazima kukata. Akasema: "Mzee, jino bovu halipakwi rangi."

Nikamshukuru, nikamjulisha kwamba kazi nitaifanya mwenyewe. Akawaita wenzake wavuke barabara waje kusikia nikirudia. Nikarudia, kwa kuwa waliniomba vizuri.

Sababu zangu ni mbili. Kwanza, Mke Mwenza hajawahi kuguswa kwa spana na mwanamume mwingine, na si katika umri huu atakapoanza. Pili, nina elimu. Bruda wa karakana pale misheni alitufundisha kukarabati mabenchi ya kanisa: ziba tundu kwa karatasi, funika kwa gundi, piga msasa, sugua nta, na benchi litang'aa hadi siku ya Kiyama. Nimetafakari sana na sioni tofauti ya msingi. Chuma ni mbao iliyosoma zaidi.

Nimenunua msasa wa aina nne, rangi, thina ya kuyeyushia rangi, na puti kilo tatu. Muuza duka ameniuliza kama natengeneza basi.

Alhamisi, 6 Agosti

Siku nzito. Nitaiandika kwa utaratibu.

Chini ya mlango ule wa nyuma palikuwa na kilengelenge kidogo cha rangi, kadiri ya kifungo cha shati. Nikakikwaruza kwa upole. Kikapanuka. Nikakikwaruza tena, nikikiomba radhi. Kufikia saa tano tundu lilikuwa kadiri ya sahani, na mkono wangu umo ndani hadi kwenye kiwiko. Kutu ni kama wageni wa msimu wa mavuno: anayebisha hodi ni mmoja, kumbe ukoo mzima umejibanza nyuma ya ukuta. Fundi, akinywa chai kwenye ngazi ya karakana yake, akapaza sauti kwamba nisikate tamaa, nisukume tu, karibu ninatokea upande wa pili.

Vidole vyangu vilikuwa vimegusa kitu.

Nikakitoa. Saa ya mkononi. Ya kike, ndogo, mkanda umekatika, mishale imesimama saa tisa na dakika ishirini. Saa ya marehemu mke wangu. Ilipotea miaka ishirini iliyopita.

Nimeketi juu ya ndoo ya puti kwa muda mrefu.

Ni lazima nieleze, ingawa ningependa nisieleze. Wiki ile saa hii ilipopotea, gari lilikuwa limeazimwa. Na Shemeji. Sikumtuhumu. Hasha! Mimi si mtu wa tuhuma. Nilisema tu, mbele ya familia, kwamba hatumtaji mtu, ila gari liliazimwa na mtu mmoja. Shemeji akaweka kikombe mezani, chai haijafika nusu, akachukua kofia yake akatoka. Tangu siku hiyo hajaonja hata maji nyumbani kwangu. Akija kwa shughuli ya lazima, hubeba chai yake kwenye chupa na kuinywea nje ya lango. Dada yake alimtetea mpaka anafariki. Mimi, kwa upande wangu, nimekuwa nikimsamehe Shemeji kila Jumapili kwa miaka ishirini, kwa kumtaja jina, bila kukosa hata moja.

Kumbe saa iliteleza tu kwenye ufa wa kioo, ikaanguka ndani ya mlango, ikatulia.

Ni wajibu wangu kumwomba radhi. Nitamwomba. Baada ya harusi. Kumwomba kabla ya Ijumaa ijayo kungeonekana kama hila ya kumlainisha mshindani, na huo usingekuwa uungwana.

Ijumaa, 7 Agosti

Saa ya marehemu nimeihamisha mara tano tangu asubuhi. Kabatini haifai, binti yangu huja Jumamosi kusafisha, na mkono wake hauachi droo. Chini ya godoro haifai. Hapo ndipo anapoanzia. Nyuma ya picha ya marehemu nilijaribu, lakini nikaona picha imebadilika sura.

Ndipo fikra ikanijia, safi kabisa. Mahali palipoihifadhi kwa miaka ishirini bila mtu kujua, pataihifadhi siku nane zaidi! Nimeizungushia leso yangu nyeupe, nikairudisha ndani ya mlango, nikashindilia magazeti juu yake mpaka tundu likajaa. Baada ya harusi nitafungua taratibu na kufanya mambo yote kwa mpangilio.

Kisha puti. Fundi alipaza sauti kutoka ng'ambo: donge kadiri ya yai, dawa ya kugandisha kadiri ya punje ya njegere, basi. Nikainua kofia kumshukuru. Nikaweka njegere tatu. Mtu hawi mchoyo kwenye gari la harusi.

Puti iliganda kabla sijageuka. Iligandia katika beseni la maua mekundu tulilopewa na kwaya siku ya ndoa yetu, na kijiko cha chai kimesimama wima katikati kama mnara wa kanisa. Nimekivuta. Beseni linainuka pamoja nacho. Nimeliweka juu ya kabati. Mgeni asiyejua atadhani ni pambo.

Donge la pili: njegere tatu vilevile, ila nikakimbia. Umri wangu ni miaka sabini na minne na sikumbuki mara ya mwisho kukimbia. Hatua nne kutoka mezani hadi mlangoni, na puti imefika ikiwa bado hai. Nimeweka tabaka la kwanza, la pili, la tatu na la shukrani. Mlango sasa umevimba kama shavu la mtu mwenye jipu, lakini msasa upo.

Jumapili, 9 Agosti

Nilipiga msasa jana kutwa. Vumbi la puti limeingia kwenye chai, kwenye nyusi na kwenye kitabu cha nyimbo. Binti yangu alipofika kusafisha alinisalimia "Shikamoo, babu" akidhani mimi ni mgeni mzee zaidi.

Kanisani mikono haikuinuka wakati wa sala. Wakati wa kupeana amani Shemeji aligeuka, kama ibada inavyomlazimu, akanipa vidole viwili. Akaninong'oneza kwamba nanuka kama kiwanda, na akauliza bibi harusi siku hiyo atapakwa manukato au dawa ya kunguni. Nikamjibu amani iwe naye.

Nilitaka kusema zaidi. Saa ilikuwa ikinikaa kooni, ingawa imo mlangoni. Lakini kwaya ikaanza kuimba, na ile kwaya ikishaanza, mtu hawezi kusema ukweli wala uongo.

Jumatatu, 10 Agosti

Leo nimepaka rangi ya msingi, ile ya kijivu. Mlango umenyooka! Nimesogea hatua kumi, nikafumba jicho moja, sikuona kasoro. Nikafumba yote mawili, ikawa bora zaidi.

Jioni mapema, rangi ilipokauka, nikafanya kama Bruda alivyotufundisha. Nimemsugua Mke Mwenza nta ya samani kutoka bampa hadi bampa, kopo zima, kwa fulana yangu ya zamani. Aling'aa hata kuku wa jirani akajiona ubavuni, akaogopa, akahama rasmi.

Jumanne, 11 Agosti

Aibu.

Sina mashine ya upepo. Ninalo bomba la kupulizia mboga, lililooshwa vizuri. Nikatia rangi ya maziwa, nikapiga pampu, nikaanza na boneti. Kwa dakika moja ilikuwa mbingu. Dakika ya pili rangi ikaanza kujikunja. Ikakimbia yenyewe kwa yenyewe, ikaacha vishimo vya mviringo vinavyonitazama, mamia, kama macho ya samaki sokoni. Nikaongeza rangi. Macho yakaongezeka.

Wakati huo huo Padre alifika na baiskeli yake kunieleza ratiba ya mazoezi ya maharusi. Nasikitika kuandika kwamba alisimama upande unakoelekea upepo. Nilipozima bomba, kanzu yake nyeusi ilikuwa na madoadoa kama kanga aliyepewa upadirisho. Nimeomba radhi mara saba. Alisema nisijali, akaendesha kwenda zake bila kutaja ratiba.

Fundi akavuka barabara. Akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa. Akaniuliza taratibu, kama muungamishaji, kama nimepaka nta. Nikakiri. Akashika kiuno.

"Mzee wangu! Rangi juu ya nta ni mama mkwe kwenye kitanda cha maharusi. Haikai!"

Nimemweleza habari za mabenchi ya misheni. Amesema basi ni vizuri, bibi harusi na apelekwe kanisani kwa benchi.

Jumatano, 12 Agosti

Kutwa nzima nimefuta nta na rangi kwa thina. Kufikia adhuhuri nilikuwa na furaha isiyo na sababu, nikaimba nyimbo tatu za kwaya kwa sauti zote nne. Fundi alikuja akanikalisha mbali, akanifunga kitambaa puani, akaniazima mashine yake ya upepo bila kuombwa. Ni mtu mwema. Inaudhi.

Tumepulizia pamoja. Yaani yeye alipulizia, mimi nikashika waya. Mke Mwenza ametoka kama siku ile ya kwanza, rangi ya maziwa ya asubuhi. Nilifuta macho. Nikamwambia Fundi ni thina.

Ila alipofika mlango wa nyuma wa kushoto akaugonga kwa kifundo, akaweka sikio. Akasema milango mingine inasema "nga," huu unasema "bup." Akaniuliza nimeujaza nini. Nikasema elimu. Akanitazama. Akasema bado kuna siku mbili, nimpe dakika arobaini tu, akate achomelee. Nikamshukuru sana, nikakataa sana. Angekata, angeiona saa.

Akaondoka akiniusia: mlango huu ufungwe kama mtu anavyofunga Biblia, si kama anavyofunga mjadala.

Alhamisi, 13 Agosti

Shemeji amepita na gari lake saa tatu, polepole, kioo kimeshushwa. Amemwona Mke Mwenza juani. Akakanyaga breki katikati ya barabara. Nilihesabu hadi tisa. Kumi, akasema hongera, kesho atakuja na sumaku.

Sumaku! Nimelala kitandani mchana na viatu vyangu. Sumaku hushika chuma. Puti haiipendi hata kidogo. Ikifika mlango ule itaanguka, na mimi pamoja nayo.

Mpango: nitaegesha Mke Mwenza ubavu wa kushoto ukielekea ukuta, sentimita ishirini tu. Pasipopita mwili, haipiti sumaku. Shemeji ana tumbo kubwa. Kwa hili namshukuru Mungu.

Nilifikiri pia kumpigia simu nikamweleza kuhusu saa. Niliinua simu. Nikaona ni wakati wake wa kupumzika. Nikairudisha. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Ijumaa, 14 Agosti

Binti yangu alifika kabla ya wote, akasema gari liko kivulini, halionekani vizuri, akachukua ufunguo msumarini na kuligeuza mwenyewe. Ubavu wa kushoto ukatazama ua mzima. Nilijaribu kueleza faida za kivuli. Akaniambia, "Baba, tulia, umeling'arisha kweli." Alikuwa ananisifu. Ningefanyaje?

Saa nne kamili. La fedha limesimama, la maziwa limesimama. Mjukuu akaweka mikono mdomoni, akasema Babu, ni lenyewe, ni lile lile! Fundi na wenzake walijipanga kwenye ngazi yao kama wazee wa baraza. Shemeji akanywa chai yake nje ya lango, akaingia, akatoa sumaku mfukoni, imefungwa kwa uzi.

Boneti: tak! Madigadi: tak! Mlango wa mbele: tak! Nikasogea nikasimama mbele ya mlango wa nyuma, nikaanzisha mazungumzo kuhusu hali ya hewa. Akaninyooshea mkono kama kunisalimia, akanivuta kando. Sumaku ikateleza, ikaanguka majanini. Akarudia. Ikaanguka. Akarudia mara nne. Si kwamba ni mkatili, alikuwa anaonja utamu.

"Shemeji, mlango huu ni wa chuma au ni wa mkate?"

Kicheko kutoka ng'ambo ya barabara. Nikasema ni chuma cha kisasa. Akasema haya, tuone. Akaufungua. Nikamwomba aufunge kama Biblia. Akaufunga kama mjadala.

Kwa kitambo hapakutokea jambo. Nilianza kushukuru. Kisha kitu kikapumua, na bamba zima la puti, limekamilika na rangi yake nzuri, likajing'oa kama mfuniko na kutua juu ya kiatu cha Shemeji. Likafuata gazeti, ukurasa wa michezo. Likafuata gazeti jingine. Mwisho, pole pole, kama mtu asiyetaka kuchelewesha shughuli, ikatoka leso yangu nyeupe, yenye herufi za jina langu zilizotariziwa na dada yake mwenyewe.

Shemeji akainama. Akaifungua.

Binti yangu akasema neno moja tu: "Baba?"

Nikakohoa. Kikohozi hakikusaidia. Nikaanza kusema kwamba, kwa masikitiko na unyenyekevu, na kwa kuzingatia matukio ya miaka iliyopita... Shemeji akanikatiza. Akauliza ilikuwa humu? Nikasema humu. Nimejua tangu lini? Nikasema Alhamisi. Jana? Nikasema ile nyingine. Akatazama tundu, akatazama bamba la puti, akaunganisha.

"Ukaiona. Halafu ukaizika tena."

Nikasema kwa muda tu.

"Miaka ishirini nakunywa chai langoni kwako kama mlinzi," akasema. "Kwa ajili ya mlango!"

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikatafuta leso nimpe. Leso anayo yeye. Akaketi juu ya ndoo ya puti, pale pale nilipoketi mimi, na ikawa ni kicheko, kicheko cha kukata mbavu, ingawa alipofuta macho alifuta kwa muda mrefu kuliko kicheko kinavyohitaji. Nilikuwa na hotuba. Vifungu sita. Yote ikanitoka kichwani, nikabaki na neno moja, samahani. Nikalisema hivyo hivyo, uchi. Nilishangaa lilivyo fupi.

Akasema amesikia. Akasema pia kwamba chai yangu aliipenda, na kwamba kikombe kile cha siku ile hakikuwa kimefika nusu.

Mjukuu aliichukua saa, akaifunga mkononi kwa utepe. Haitembei. Akasema haijalishi, hapangi kuitazama. Kisha akatoa uamuzi wake: atapanda Mke Mwenza, Fundi akitengeneza mlango, na dereva awe Babu Mdogo, ndivyo amwitavyo Shemeji. Nikauliza mimi nitakuwa wapi. Binti yangu akasema mimi nitawafuata nyuma na gari la fedha, na kwamba hukumu hiyo haina rufaa.

Fundi alikata na kuchomelea kwa dakika arobaini. Niliangalia saa ya ukutani: arobaini kamili. Hakusema neno lolote la kunidhihaki. Hapo ndipo aliponimaliza.

Jumamosi, 15 Agosti

Harusi imefungwa! Mke Mwenza hakuzima hata mara moja. Watu walisimama barabarani. Shemeji aliendesha akiwa ameketi wima kama balozi, na mjukuu wangu nyuma, mkono wa saa nje ya dirisha. Nilitamani marehemu aone jinsi walivyopatana, kaka yake na mke mwenza wake.

Shemeji alinikabidhi ufunguo wa gari lake kwa mikono miwili. Akasema, "Nakuamini." Mbele ya watu.

Gari lile lina vitufe vingi kuliko kinanda cha kanisa. Nilikwenda vizuri sana. Ni wakati wa kutoka tu, wageni wote wakiwa ndani wakipiga vigelegele, niliporudi nyuma kidogo kumwachia Mke Mwenza nafasi ya kutokea, na hapo ndipo nguzo ya lango la kanisa iliposogea. Sauti kama ya zipu ndefu. Nilishuka, nikaiomba nguzo radhi. Mkwaruzo na mbonyeo, ubavu wa kulia nyuma, kadiri ya sahani.

Nilitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu. Nikaliegesha ubavu wa kulia ukielekea ukuta, sentimita ishirini.

Jumatatu, 17 Agosti

Jana, baada ya ibada, Shemeji aliuona mkwaruzo. Ukoo wote ukasimama kuuzunguka. Nani? Lini? Binti yangu akaanza kutazama uso mmoja baada ya mwingine, na alikuwa anakaribia wangu. Nikakohoa. Nikasema hatumtaji mtu, ila siku ile baiskeli moja tu iliegeshwa karibu na lango lile.

Wote wakamtazama Padre, aliyekuwa akiaga waumini mlangoni na kanzu yake ya madoadoa. Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema yule ni mtumishi wa Mungu, tumwache. Nitamwomba Padre radhi. Baada ya Pasaka, shughuli zikipungua.

Leo ni siku kubwa. Shemeji anakuja kunywa chai nyumbani kwangu, ndani, mezani, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini. Saa kumi. Nimefua kitambaa cha meza. Nimetoa kikombe kile kile. Nitamketisha kwenye kiti kinachotazama ukuta, mgongo kwa dirisha, na chai nitaifanya ya moto sana, ili achelewe kuimaliza. Gari lake litakuwa uani, ubavu wa kulia ukinitazama. Nitamwambia natoka mara moja kumfukuza kuku. Mkwaruzo ukitoweka, hata swali la nani litatoweka.

Puti imebaki kilo moja na nusu. Rangi ya maziwa imebaki nusu kopo. Kati ya maziwa na fedha, kwa mtu wa umri wa Shemeji, sioni tofauti ya msingi. Dakika kumi na tano zatosha. Ili iwahi kuganda nitaongeza dawa kidogo.

Njegere nne.